Mama Mkwe Ajiandikisha

Ukiuliza mtaani kwao mwanamke huyu anafanya kazi gani, utapata majibu ya kila rangi. Mwenye duka anasema ni nesi. Jirani wa ukuta kwa ukuta anasema ni daktari wa vichaa, na ndiyo maana wakikutana getini hujitahidi kuongea kwa mpangilio, asije akaandikwa. Mumewe, ambaye ni fundi wa majokofu, akiulizwa hujibu, "Anawauliza wanawake maswali, halafu anahakikisha hakuna mtu anayejua wamejibu nini." Hilo la mumewe ndilo lililo karibu na ukweli.

Kazini wanamwita Mratibu, na jina limemfuata mpaka nyumbani. Ni mratibu wa utafiti katika kitengo kinachochunguza afya ya akili ya wanawake, ghorofa ya pili ya jengo la zamani nyuma ya hospitali. Profesa, mwanamama mrefu mwenye miwani ya kuning'iniza kifuani, ndiye anayebuni utafiti na kuuandikia makala. Mratibu ndiye anayeufanya utokee. Anajua ufunguo wa chumba cha mahojiano unakwama ukiuzungusha kwa pupa, kiti kipi kinalia mtu akiegemea, na mshiriki gani hapokei simu mpaka apigiwe mara ya pili. Aliwahi kubishana na Profesa wiki nzima kwa ajili ya neno moja tu. Profesa alitaka dodoso liseme "sonona." Mratibu akamwambia, "Profesa, ukimuuliza mama wa watu kama ana sonona, atakuuliza inauzwa wapi." Mwisho wakaandika "moyo mzito," na wanawake wakaanza kujibu.

Mwaka ninaousimulia walikuwa na utafiti wa wanawake waliovuka hamsini, ambao mioyo imewaelemea: huyu kafiwa, yule kastaafu, mwingine watoto wameondoka nyumba imebaki na mwangwi. Washiriki waligawanywa kwa kura ya kompyuta. Kundi la kwanza lilikuja kila wiki kukaa pamoja na kuzungumza, nesi akiongoza. Kundi la pili lilibaki nyumbani, nesi akawapigia simu fupi kila wiki kuwajulia hali. Mwishoni wangelinganisha, waone kama kuzungumza pamoja kunasaidia kuliko kupigiwa simu. Aliyeonekana kuzidiwa, awe wa kundi lolote, alipelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Sasa, Waswahili walisema mganga hajigangi. Mratibu aliyeshinda na wanawake wenye mioyo mizito kutwa, jioni alirudi nyumbani kumkuta mwingine, na huyo hakuweza kumuuliza kitu.

Alikuwa mama mkwe wake. Mama huyu alisimamia jiko la shule ya bweni miaka mingi. Wapishi wanaume wenye vifua vipana walikuwa wakisikia viatu vyake koridoni wanaanza kuosha hata sufuria safi. Baba mkwe alipofariki, mama alifunga nyumba yake, akahamia kwa mwanawe, na ni kama alizifunga na nguvu zake humo humo ndani. Alikaa dirishani. Chakula alikidonoa. Mjukuu akimletea daftari aone picha aliyochora, alisema "nzuri" kabla hajaitazama.

Mratibu alijaribu mara moja, wakiwa jikoni wanachambua mboga.

"Mama, siku hizi unalala vizuri?"

Mama mkwe hakuinua uso. "Unaniuliza kama mkwe au kama ofisi?"

"Kama mkwe, Mama."

"Basi nalala."

"Na kama ingekuwa ofisi?"

"Ofisi haijafunguliwa."

Mazungumzo yakaishia hapo, mboga zikaendelea.

Baada ya wiki chache, Jumatatu moja asubuhi, Mratibu alifungua mlango wa chumba cha kusubiria ili aite anayefuata. Kwenye benchi aliketi fundi cherehani wa mtaani kwao, na ubavuni mwa fundi, ndani ya gauni lake la sherehe, mkoba umebanwa magotini, aliketi mama mkwe.

"Shikamoo, Mama," ulimi wa Mratibu ukamtoka wenyewe.

"Marahaba," mama akajibu, halafu akanyoosha shingo kama mtu ambaye hajawahi kumwona. "Samahani, binti. Mapokezi ni hapa?"

Mratibu akamvuta pembeni, koridoni, karibu na ndoo za wasafishaji.

"Mama, umefuata nini huku?"

"Nasikia mnatafuta wanawake wenye moyo mzito. Wangu mimi mnaweza kuupima kwenye mizani ya magunia."

"Kwa nini hukuniambia nyumbani?"

Mama mkwe akavuta mkoba wake karibu zaidi. "Nyumbani wewe ni mke wa mwanangu. Nikikwambia sina hamu ya kuamka, utafikiri ni godoro lako baya, au chakula chako, au umenikosea. Utaanza kukimbia huku na huko. Huku kuna mlango unafungwa, na mtu ambaye hatanipikia jioni."

Mratibu alisikia macho yakimuuma, akakumbuka yuko kazini. "Mama, kwa utaratibu wetu siruhusiwi kukuhoji. Siruhusiwi hata kugusa faili lako."

"Ndilo ninalolitaka."

"Na nyumbani sitakuuliza lolote."

"Basi anza sasa hivi kutoniuliza," mama akasema, akarudi kukaa kwenye benchi.

Mratibu alipanda moja kwa moja kwa Profesa akamweleza kwamba mama mkwe wake amejiandikisha. Profesa akaamua kila kinachomhusu mama huyo kishikwe na nesi peke yake. Uamuzi ulikuwa mzuri, isipokuwa nesi mwenyewe walimpa jina la Redio. Mungu alimjalia Redio moyo wa dhahabu na koo la tarumbeta. Akikunong'oneza, walio chini wanasikia. Na kuta za ghorofa ile zilikuwa za mbao nyembamba.

Kwa hiyo mama mkwe alipoingia kwa Redio kwa mahojiano ya kwanza, Mratibu alikimbilia mwisho wa korido akawasha mashine ya kunakili, akawa ananakili karatasi tupu. Mashine ikakwama. Kutoka kule chumbani sauti ikaanza kupasua mbao: "HALAFU MAMA, HAMU YA KULA INAKUWAJE?" Mratibu akaziba masikio na kuanza kuimba wimbo wa shule ya awali wa mwanawe, tena kwa nguvu. Profesa akapita na kikombe chake.

"Naona leo una raha."

"Nalinda usiri, Profesa," Mratibu akasema, akaingia ubeti wa pili.

Kura ikapigwa. Mratibu hakuambiwa mama mkwe wake kaangukia kundi gani, wala hakutafuta kujua. Lakini kujua kulimfuata mezani. Jioni ile mama alichota wali, akaurudisha, akasema hewani, "Kuna watu wanapanga wenzao kwa kompyuta, kama viazi. Hiki cha soko, hiki cha ghala."

"Watu gani, Mama?" mwanawe akauliza.

"Watu tu. Mwenzako anapelekwa penye watu, wewe unaambiwa subiri simu."

Mume akamfuata mkewe jikoni. "Mmegombana na Mama?"

"Hapana."

"Mbona anarusha mafumbo?"

"Mume wangu, siwezi kusema."

"Huwezi kusema kwa sababu mmegombana?"

"Siwezi kusema kwa sababu siwezi kusema!"

Mume akatoka jikoni na uhakika kamili kwamba wamegombana, na siku kadhaa akawa anawanunulia wote wawili matunda bila sababu.

Simu za Alhamisi zikaanza. Mama mkwe alizipokea bafuni, mlango umefungwa, na bado sauti ya Redio ilitoka kwenye kile kisimu hadi sebuleni. Mjukuu, binti wa darasa la kwanza, akauliza, "Bibi, nani huyo anakufokea?"

"Hafoki, mjukuu wangu. Anadhani mimi ni kiziwi."

Kisha mambo yakaanza kubadilika taratibu, na Mratibu, ambaye kazi yake ni kuona mabadiliko, aliyaona yote bila ruhusa ya kuyauliza. Vikombe vya wageni vikawa havikai kabatini. Kila Jumatano jioni aliporudi, sebule ilikuwa imefagiwa mpaka chini ya kochi, na viti vimerudishwa mahali pake lakini si sawasawa. Mama akaanza kula, na siku moja akalalamika kwamba maharage hayana chumvi. Mume alikasirika kwa niaba ya mkewe. Mratibu mwenyewe alifurahi kama aliyesifiwa. Mtu asiyejali chumvi hajali kitu.

Jumatano moja umeme ulikatika katika jengo lote, wakaruhusiwa kuondoka mchana. Mratibu alipofika getini kwake akasimama. Ndani ya nyumba palikuwa na kicheko. Si kicheko cha adabu cha mtu anayemsindikiza mgeni, ni kile cha kupiga paja. Aliwahi kukisikia zamani, baba mkwe akiwa hai. Akafungua mlango.

Sebuleni wanawake walikuwa wameketi duara, viti vyote vya nyumba vimekusanywa, hata kile cha plastiki cha mjukuu. Fundi cherehani alikuwepo. Mwalimu mstaafu mwenye kilemba kirefu alikuwepo. Na wengine, kila sura Mratibu aliijua, kwa sababu ni yeye aliyewakaribisha wote siku ya kwanza kule ghorofani. Katikati alisimama mama mkwe na mwiko mkononi.

"Aliyeshika mwiko ndiye anayesema," alikuwa akimweleza mgeni mmoja. "Ukidakia neno la mwenzako, unaosha vikombe." Hapo akamwona mkwe wake. Kicheko kikakatika.

"Karibu," mama akasema. "Ni kwako hapa."

Mratibu alielewa mara moja. Kundi la simu lilikuwa limejigeuza kundi la mazungumzo, tena pengine kupita lile lenyewe. Ulinganisho wote wa Profesa ulikuwa umekaa kwenye viti vyake unakunywa chai.

"Mama," akaanza, "hawa si ndio…" Akajiuma ulimi. Hakuruhusiwa kusema anawafahamu kutoka wapi. "Hawa ni akina nani?"

"Wageni wangu."

Mwalimu mstaafu akanyanyua mkono kama yuko darasani. "Tulikutana kwenye benchi, siku ya kura. Mama huyu akatuuliza mmoja mmoja getini, 'Wewe umepata nini?' Waliopata simu akawaambia njooni kwangu."

"Yule binti wa sauti ananipigia," mama mkwe akaeleza, na sasa alimtazama Mratibu usoni. "Ananiuliza nimelalaje, namjibu, anaaga. Simu inabaki mkononi bado ya moto, na mimi nina maneno yamejaa mpaka hapa." Akagusa koo. "Nikasema, haiwezekani niwe peke yangu mwenye maneno."

Mratibu akawaomba radhi, akatoka nje, akaketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Maneno yao hayakuwa yake kuyasikia. Lakini vicheko havina usiri, na vilimfikia. Kuna wakati palitulia, akasikia mtu analia, na hakuna aliyemkatiza. Kisha sauti ya mama mkwe: "Chukua muda wako. Mwiko hauna haraka."

Pale kwenye ngazi Mratibu alipasuka katikati. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini akinyamaza, Profesa angekuja kuandika kwamba simu fupi zinawaponya wanawake sawa na kukaa pamoja, na mahali fulani hospitali nyingine ingesoma na kusema, kumbe simu zinatosha. Akisema, labda wangewaondoa wote, pamoja na mama yake huyu aliyeanza kugombania chumvi.

Wageni walipoondoka aliingia jikoni. Mama alikuwa anafuta vikombe.

"Mama, itabidi niseme kazini."

Mama aliendelea kufuta kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka. "Watatufukuza?"

"Sijui."

"Watatukataza kukutana?"

"Hilo hawana ubavu nalo. Hakuna kamati ya kuwakataza watu wazima chai."

"Basi kaseme," mama akasema. "Sufuria ikiungua chini, ukikoroga ili isijulikane ndipo unapoharibu chakula chote. Unapakua cha juu, unasema, jamani imeungua. Watu wanakula, maisha yanaendelea."

Asubuhi Mratibu alisimama mbele ya meza ya Profesa na kueleza. Profesa alivua miwani.

"Kundi zima la simu?"

"Sehemu kubwa."

"Wanakutania nyumbani kwa nani?"

"Kwangu."

Profesa akaweka mkono kwenye paji la uso. Mabega yakaanza kutikisika, na Mratibu alidhani analia mpaka alipoona anacheka, anacheka mpaka machozi. "Miaka yote hii natafuta namna ya kuwafanya wanawake wakae pamoja," akasema akijifuta, "nawapa nauli, nawapa soda, hawaji. Hawa nimewaambia wakae nyumbani, wamekuja!"

Hata hivyo kicheko hakikumaliza mambo. Taarifa ilipelekwa kwenye kamati ya maadili, na kamati haikucheka. Mjumbe mmoja alimuuliza Mratibu, bila kupepesa, kama yeye na mama mkwe wake walipanga. Uchunguzi ulipokuwa unaendelea aliondolewa kwenye utafiti ule, akapewa stoo ya mafaili ya zamani aipange. Zilikuwa wiki za vumbi na mafua. Nyumbani hakusema kitu, ila mama mkwe hakuhitaji kuambiwa; alimwona anavyopiga chafya, akamchemshia maji ya kuoga kila jioni.

Redio ndiye aliyemletea habari stoo, ingawa Mratibu alizisikia tangu Redio akiwa ngazi ya chini. Kamati imeona hakuna aliyekosea. Washiriki ni watu huru, na Mratibu alitoa taarifa kwa wakati. Utafiti uendelee, kila kilichotokea kiandikwe wazi kwenye ripoti, na wanawake wenyewe wakikubali, wahojiwe pia kuhusu hilo duara lao.

Waliombwa ridhaa. Wakajadiliana Jumatano nzima, mwiko ukazunguka, wakatoa masharti: wahojiwe nje ya duara, si ndani yake. Redio akitaka, anaweza kuhudhuria mara moja, mradi anyamaze. Redio alikwenda. Wanasema alikaa mchana mzima bila kutoa neno, na alipotoka alikuwa ameloa jasho kama aliyebeba mawe.

Matokeo yalipokuja, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na Profesa hakuweza kudai alichotaka kudai. Alihuzunika siku mbili hivi. Kisha akamwita Mratibu, wakaketi kuandika ombi la utafiti mwingine, wa vikundi ambavyo wanawake huanzisha wenyewe bila kuambiwa. Safari hii jina la Mratibu liliandikwa pembeni ya la Profesa, na mumewe aliipiga picha karatasi ile akawaonyesha wateja wake, wengi wao wakiwa wanasubiri tu jokofu lipone.

Mazungumzo yenyewe, yale ya jikoni yaliyokatika, yalikuja Jumamosi moja mchana wakiwa wanakunja mashuka uani. Mama alishika pembe mbili, Mratibu mbili.

"Leo nakwambia kama mkwe," mama akasema. "Baba yenu alipoondoka, asubuhi nilikuwa naamka namimina vikombe viwili. Naviona pale mezani, naona aibu, kama nimekamatwa. Nikaona afadhali nisiamke. Halafu nikajiita mvivu. Mimi, mvivu! Sikuwahi kujichukia hivyo."

Mratibu alijua majibu mengi ya kitaalamu. Mengine alishiriki kuyaandika. Hakutoa hata moja. Alisema, "Pole sana, Mama," na kuvuta upande wake wa shuka ili usiguse vumbi. Walikunja lile, wakachukua lingine. Kufika mwisho wa kamba mama alikuwa anasimulia jinsi baba mkwe alivyokuwa akiimba nje ya sauti kwenye kwaya, na wote wawili wanacheka.

Baadaye mwaka huo mama mkwe alitangaza kwamba anarudi kwenye nyumba yake. Mwanawe akashangaa, akauliza tena kama wamegombana. "Sasa ndiyo tutagombana," mama akamjibu, "kama hutaniletea gari la kubeba kitanda." Fundi cherehani angepanga chumba cha mbele, aweke cherehani yake palipo na mwanga. Wanawake wa duara walikuja na mifagio, wakafungua madirisha yaliyofungwa tangu msiba, wakapiga deki huku mama akiwaelekeza kutoka mlangoni, kidole juu, kama enzi za jiko la shule.

Nyumbani kwa Mratibu palikuwa kimya usiku ule, na asubuhi, kabla hajaondoka kwenda kazini, alimpigia mama simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kimya. Alishavaa viatu na kumtuma mumewe awashe gari ndipo simu yake ikalia.

"Mama! Mbona hupokei?"

"Nilikuwa sokoni, mwanangu. Simu niliiacha mezani. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama."

"Basi nenda kazini, utachelewa," mama mkwe akasema, na kukata simu, maana samaki wake walikuwa bado wamo kikapuni.